Kansa na usahaulifu wa wazee: tusiuziane matumaini mpakani

Kuna magonjwa mawili ambayo wazee wetu wanayaogopa kuliko mengine. Wa kwanza ni kansa, au saratani kama wanavyoiita wenzetu wa Tanzania, ambao humla mtu mwili akiwa na akili zake timamu. Wa pili ni ule usahaulifu wa uzeeni ambao wataalamu wanauita ugonjwa wa Alzheimer, ambao humla mtu akili wakati mwili bado una nguvu za kushika jembe.

Siku hizi nayasikia maneno kuhusu magonjwa haya kila ninapokaa na wachuuzi wanaovuka Kobero na Mugina. Kuna wanaosema kwamba mtu aliyewahi kuugua kansa hapotezi kumbukumbu, na mzee aliyepoteza kumbukumbu hana haja ya kuogopa kansa, kwa kuwa ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanauliza kama vidonge vya kansa vinaweza kumrudishia mzee kumbukumbu, na kama vinaweza kuvushwa pamoja na sabuni na unga. Naona ni wajibu kulitazama jambo hili kwa makini, kwa sababu ndani ya maneno haya kuna ukweli kiasi, na ukweli nusu ukiuzwa sokoni ni hatari kuliko uongo mtupu. Uongo mtupu hukosa wateja.

Ukweli wenyewe ni huu. Katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, watafiti wamekuwa wakifuatilia afya za wakazi tangu mwaka 1948. Mwaka 2012 Jane Driver na wenzake walichapisha matokeo ya watu 1,278 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ambao mwanzoni hawakuwa na dalili za kupoteza akili, na ambao walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 10. Waliowahi kuugua kansa wakapona walionekana kuwa na hatari ya Alzheimer iliyo pungufu kwa asilimia 33 kuliko wenzao. Waliopata Alzheimer nao walionekana kuwa na hatari ya kansa iliyo pungufu kwa asilimia 61. Mwaka 2013 Massimo Musicco na wenzake wa Italia walitoa hesabu za watu zaidi ya 204,000 wa eneo la Milan, wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Huko nako hatari ya kansa kwa wagonjwa wa Alzheimer ilikuwa pungufu kwa asilimia 43, na hatari ya Alzheimer kwa wagonjwa wa kansa ilikuwa pungufu kwa asilimia 35.

Mtu mwenye kufikiri atauliza hapo hapo: je, si kwamba mgonjwa wa kansa hufariki kabla hajafikia umri wa kusahau? Na mzee asiyemtambua hata mwanawe, ni nani atakayempeleka tena hospitali kupimwa uvimbe? Maswali haya ni ya haki, na watafiti wenyewe waliyauliza. Wale wa Framingham waliwatazama waliopona kansa zinazotokana na sigara, wakaona kwamba hatari yao ya kupata kiharusi ilizidi maradufu huku hatari ya Alzheimer ikiwa chini. Kama watu hao wangekuwa wamefariki tu mapema, kiharusi nacho kingepungua. Wale wa Milan waliangalia kipindi cha kabla ya ugonjwa kutambuliwa na kipindi cha baada yake, waliokufa na waliobaki hai, na picha haikubadilika sana.

Hata hivyo, mwaka 2020 watafiti walipozijumlisha tafiti 22 za aina hii, punguzo la hatari ya Alzheimer kwa waliowahi kupata kansa lilikuwa asilimia 11. Yaani tofauti ipo, lakini hesabu za wengi zikiwekwa pamoja inakuwa ndogo kuliko ilivyotangazwa mwanzoni. Mwenye kuuza ndizi hahitaji mwalimu wa kumweleza kwamba punguzo la asilimia 61 na punguzo la asilimia 11 si bei moja.

Sasa kwa nini iwe hivyo? Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembechembe hai, yaani seli. Seli za ngozi na za utumbo hugawanyika kila siku, za zamani zinakufa na mpya zinachukua nafasi. Seli za ubongo hazina desturi hiyo. Nyingi kati ya ulizozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo. Kansa ni ugonjwa wa seli inayokataa kufa na kuendelea kugawanyika pasipo ruhusa. Alzheimer ni ugonjwa wa seli za ubongo zinazokufa kabla ya wakati, huku katikati yake kukiwa na takataka za protini mbili, amiloidi na tau. Takataka hizo ndizo daktari Mjerumani Alois Alzheimer alizoziona kwa darubini katika ubongo wa mgonjwa wake, akazieleza mbele ya wenzake mwaka 1906. Hapo utaona kwamba magonjwa haya yamekaa kwenye ncha mbili za kamba moja.

Kuna protini iitwayo p53 ambayo naweza kuifananisha na afisa wa mpakani. Seli ikitaka kugawanyika, p53 huzikagua karatasi zake. Vinasaba vikiwa vimeharibika, huizuia mpaka vitengenezwe, na visipotengenezeka, huiamuru seli ijiue. Katika takriban nusu ya kansa za binadamu afisa huyu ameharibika, kwa hiyo kila lori linapita bila kukaguliwa. Kwa upande wa Alzheimer, tafiti kadhaa zimeikuta p53 katika ubongo wa wagonjwa ikiwa nyingi kupita kawaida. Huko afisa amezidi ukali, na hata wenye karatasi safi wanarudishwa.

Mfano wa pili ni kimeng'enya kinachoitwa Pin1, kilichotambuliwa mwaka 1996. Katika kansa nyingi, zikiwemo za matiti na za tezi dume, Pin1 huwa nyingi mno na huzisukuma seli zigawanyike. Katika seli za ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer hupungua. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba panya waliozaliwa bila Pin1, walipozeeka, ubongo wao ulianza kuharibika na tau yao ikajisokota kama ile ya wagonjwa. Kitu kile kile kikizidi kinakuwa balaa, na kikipungua kinakuwa balaa jingine.

Mfano wa tatu ni sukari. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba seli za kansa huitumia sukari kwa njia ya haraka yenye hasara nyingi, hata pale penye oksijeni ya kutosha. Ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zake, unategemea sana njia ya polepole inayohitaji oksijeni. Njia hiyo ikichoka kwa uzee, seli za ubongo ndizo za kwanza kulala njaa.

Lakini nawasihi wasomaji tusikimbilie kusema kwamba hii ni mizani tu, upande mmoja ukipanda mwingine unashuka. Tuwatazame ndugu zetu waliozaliwa na hali ya Down. Wao wana nakala 3 za kromosomu ya 21 badala ya 2, na katika kromosomu hiyo ndimo ilimo jeni inayotengeneza amiloidi. Kwa sababu hiyo wengi wao hupata Alzheimer mapema, na uvimbe wa kansa kama ile ya matiti huwa nadra kwao kuliko kwa watu wengine. Ungedhani mizani imethibitika. Kumbe watoto wao hupata kansa ya damu mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine. Mwili hauendeshwi kwa kanuni moja ya kuandikwa kwenye karatasi ya matangazo.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na wafanyabiashara. Mwaka 2012 ilitangazwa huko Marekani kwamba dawa ya kansa iitwayo beksarotini iliondoa amiloidi katika ubongo wa panya kwa muda mfupi. Habari ikazunguka dunia nzima, na familia za wagonjwa zikaanza kuwaomba madaktari wao dawa hiyo. Mwaka 2013 makundi mengine ya watafiti yakarudia jaribio hilo na hayakuona amiloidi ikipungua kama ilivyodaiwa. Jaribio dogo kwa wagonjwa, lililochapishwa mwaka 2016, halikufikia lengo lake kuu, na dawa hiyo ilipandisha mafuta katika damu. Mwaka 2025 watafiti wa California wametangaza tena kwamba dawa mbili za kansa, letrozoli na irinotekani, zikitumiwa pamoja zimeboresha kumbukumbu za panya. Ni habari njema kwa sayansi, lakini ni habari za panya. Letrozoli hushusha homoni ya kike mwilini na hudhoofisha mifupa. Irinotekani huharisha vibaya na hushusha chembe nyeupe za damu, na hutolewa hospitali kwa sindano ya mshipa chini ya macho ya daktari. Mpe mzee wa miaka 75 vitu hivi kwa ushauri wa mtu wa sokoni, na utamzika kabla hajakumbuka chochote.

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: asiwepo wa kuvusha dawa za kansa kwa ajili ya usahaulifu, na asiwepo wa kuzinunua. Wala mtu aliyepona kansa asijione ana kinga, na familia yenye mzee msahaulifu isiache kumpima uvimbe eti kwa sababu Alzheimer inamlinda. Hatari iliyopungua bado ni hatari.

Tena tukumbuke kwamba yapo mambo yanayoyaleta magonjwa yote mawili kwa pamoja. Sigara huleta kansa ya mapafu na pia huudhuru ubongo. Pombe ya kupindukia ni hivyo hivyo. Jopo la wataalamu lililoandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe, uziwi, upweke na kukosa elimu utotoni, likasema kwamba yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya visa vya kupoteza akili uzeeni vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Hakuna dawa yoyote inayouzwa leo yenye ahadi kubwa kama hiyo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji kiwanda.

Wapo watakaosema kwamba Alzheimer ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Utafiti uliolinganisha wazee wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulionyesha mwaka 2001 kwamba wagonjwa wapya wa Alzheimer kwa mwaka walikuwa asilimia 1.15 kule Ibadan na asilimia 2.52 kule Indianapolis. Ni wachache zaidi Afrika, lakini wapo. Jirani zetu wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, walipowapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba karibu asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza akili wa aina moja au nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na ugonjwa huo, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchi hizo ni hizi zetu.

Kwa sisi tuliorudi, jambo hili lina uzito wa pekee. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na waliokimbia mwaka 1993 wakakaa katika kambi za Kigoma, wengi walirudi bila karatasi hata moja. Wengine walizaliwa huko na hawakuwahi kukiona kilima cha baba zao. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo ilipoanzishwa mwaka 2006 kusikiliza mashauri yao, kitu ambacho wengi waliweza kukitoa mbele yake ni neno la mzee. Ni yeye anayekumbuka kwamba mpaka ulipita kwenye minyaa ile, kwamba babu alizikwa chini ya mti ule, na kwamba shamba la bondeni lilikopeshwa tu na halikuuzwa. Mzee huyo akipata Alzheimer, familia inapoteza baba na inapoteza shahidi kwa siku moja.

Nimekaa katika vikao vya ardhi na kuyaona yanayofuata. Mzee anasema jambo moja asubuhi na jingine jioni. Upande wa pili unashangilia kwamba ni mwongo. Majirani wananong'ona kwamba amelogwa, au mbaya zaidi, kwamba yeye ndiye mchawi, kwa kuwa anazunguka usiku na kuongea na watu wasioonekana. Kisha siku moja anatokea mtoto mjanja, anamshika mkono, na mzee anapiga dole gumba kwenye karatasi ya kuuza asiyoijua. Hayo yote ni dalili za ugonjwa na watu wanaojinufaisha nao. Si uongo wala si uchawi.

Nini kifanyike? Kwanza, tusisubiri. Mwenye mzazi aliyefikia miaka 65 amketishe angali na akili zake, ayaandike maneno yake kuhusu ardhi, mipaka, madeni na watoto, mbele ya mashahidi wa pande zote, bashingantahe na mkuu wa kilima wakiwepo, kisha karatasi ifikishwe ofisi ya ardhi ya komini. Kama mko na simu yenye kamera, mzee atembezwe shambani na arekodiwe akionyesha mipaka. Haya hayana gharama kubwa, na yanawasaidia hata wale watakaobahatika kufika miaka 90 na akili zao.

Pili, mzee akianza kusahau apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa kwa mganga. Si kila usahaulifu ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingoni, kaswende iliyokaa muda mrefu, virusi vya UKIMWI, huzuni nzito, damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, hata dawa anazozimeza kila siku, vyote vinaweza kumvuruga mtu akili, na vingi vinatibika. Kule Hai wataalamu walitengeneza kipimo kifupi cha maswali na kazi za mikono, kiitwacho IDEA, kinachoweza kutumika hata kwa mzee asiyejua kusoma. Zahanati zetu za mpakani zingeweza kukitumia.

Tatu, kansa tusiisahau tukiwa tunazungumzia kusahau. Akina mama wanaolala njiani na mizigo ndio wanaoahirisha vipimo mwaka hadi mwaka. Kansa ya mlango wa kizazi inaweza kuonekana mapema na kuzuiwa. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake nchi nzima mwaka 2011, na tangu mwaka 2012 ina kituo cha kansa katika hospitali ya Butaro. Uganda ina taasisi yake ya kansa Mulago tangu mwaka 1967, na Tanzania ina Ocean Road. Anayevuka mpaka kutafuta tibabu arudi na karatasi zake zote za hospitali, maana jalada lililobaki ng'ambo halimsaidii daktari wa huku.

Nne, na hili nalielekeza kwa mawaziri wa afya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kampala ina daftari la wagonjwa wa kansa tangu miaka ya 1950. Wazee wanaopoteza kumbukumbu nao waandikwe katika kila nchi mwanachama, na daftari lao lisomwe pamoja na lile la kansa. Hesabu nyingi nilizozitaja hapo juu kuhusu uhusiano wa magonjwa haya mawili zinatoka Massachusetts na Milan. Huku kwetu kansa nyingi huletwa na virusi na maambukizi, wazee wetu wamekula vyakula tofauti na kufanya kazi za nguvu maisha yao yote. Haifai kuchukulia kwamba jibu la Milan ndilo jibu la Muyinga. Tukiwaandika watu wetu, huenda sisi ndio tukawaambia wenzetu wa Ulaya jambo wasilolijua.

Kukaa bila hesabu ndiko kunakowapa nafasi wauza matumaini. Pasipo na daktari wa kueleza, anaeleza mchuuzi, na pasipo na kipimo, inatawala minong'ono. Wanasayansi waachwe wachunguze kwa nini seli moja inakataa kufa na nyingine inakataa kuishi. Kazi hiyo ni njema na itazaa matunda kwa wakati wake. Sisi tuliorudi, pamoja na wenzetu wanaoishi kwa kuvuka mpaka, tuna kazi isiyongoja matokeo yao: kuwapima wazee wetu, kuwaandika maneno yao, na kuwalinda dhidi ya kidonge cha sokoni na karatasi ya mtu mjanja. Anayemjua mzee wa kuanza naye, aanze wiki hii.